Miezi ya njiti huhesabiwa kivyake

"Daktari, mwanangu ana miezi minane, mbona hakai?" Akina mama wa Kirumba na Buswelu, hapa Mwanza, wakiniuliza hivyo, nami huuliza: alizaliwa wiki ya ngapi? Akisema ya 30, tunatoa wiki 10 zilizobaki kufika 40. Huyo kimakuzi ana miezi mitano na kitu, na wa umri huo hadaiwi kukaa. Hesabu hii hutumika hadi miaka miwili. Chanjo tu ndizo haizihusu. Zenyewe hufuata tarehe ya kuzaliwa.

Lakini yapo ambayo hesabu haiyafuti. Kati ya wiki ya 24 na ya 32 ya mimba, sehemu ya ubongo inayozunguka vyumba vyake vya maji huwa dhaifu mno. Damu ikipungua au ikivuja hapo, nyuzi za miguu huumia mapema kwa sababu ndizo zinazopita karibu zaidi na vyumba hivyo. Ndiyo maana utamkuta mtoto anashika kijiko vizuri, anamchekea kila mtu, ila ukimsimamisha anakanyaga kwa vidole na miguu inapishana kama mkasi. Tazama pia anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Bibi atasema huyu ni wa shoto. Kwa heshima zote kwa bibi, ushoto hauonekani mapema hivyo. Usingoje. Nenda kituo cha afya kilicho jirani, uombe rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando.

Upande wa akili hujificha zaidi: wengine huonekana wako sawa kabisa hadi darasani, hesabu au utulivu vinapowashinda.

Lipo la kufanya tangu mwanzo: kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi. Kulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wodi zikiwa zimefurika na mashine hazitoshi. Utafiti wa mwaka 2021 katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo kwa robo. Huko Bogotá, waliobebwa hivyo walipofuatiliwa wakiwa na miaka 20 hivi walikuwa watulivu kuliko wenzao. Shida ni kwamba muuza dagaa wa soko la Mwaloni hana mwajiri wa kumpa likizo. Basi baba na shangazi nao wavue shati, wapokezane.

Mtoto akishatoka kifuani, mlazeni kifudifudi akiwa macho, mkimwangalia, na mumsemeshe, Kisukuma au Kiswahili. Kigari cha kujifunzia kutembea msinunue: hakiharakishi kitu, humzoesha kukanyaga kwa vidole, tena humfikisha kwenye jiko la mkaa kabla hujageuka.