Kongamano la Utafiti wa Afya Lakuhusu Nini, Mkazi wa Kilifi?

Kila chuo kikuu kinapoandaa kongamano la utafiti wa afya ya umma, wakazi wengi huuliza: mikutano ya wasomi inatuhusu nini?

Jibu liko hapa nyumbani. Ushirikiano wa KEMRI na shirika la Wellcome Trust la Uingereza ulianza Kilifi mwaka wa 1989. Baadaye, watoto wetu walishiriki katika majaribio ya chanjo mbili za malaria, RTS,S na R21. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza itumike mwaka wa 2021, na ya pili mwaka wa 2023. Bila wazazi waliokubali, wanasayansi wasingefika popote.

Katika kongamano, watafiti hukutana na maafisa wa afya na wafadhili. Hulinganisha matokeo na kujadili yatakavyotumika katika zahanati na hospitali. Yasipojadiliwa, ripoti hubaki kabatini.

Ukiombwa kushiriki katika utafiti, kumbuka haya:

• Mtafiti awe na leseni ya NACOSTI na kibali cha kamati ya maadili. Omba kuviona.

• Akueleze lengo, manufaa na hatari kwa lugha unayoielewa, kabla hujatia sahihi.

• Una haki ya kukataa, au kujiondoa wakati wowote, bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Mwisho, muulize: matokeo tutaletewa lini, na nani? Aliyetoa damu yake ana haki ya kujua ilifunza nini.