Betri na Saketi Lazima Zipatane



Mlinzi wa usiku kiwandani, mchumaji chai anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko, na fundi anayekagua mashine gizani, wote wanategemea tochi. Ikiharibika, hupelekwa kwa mafundi wa redio na simu katika mitaa kama Kamwokya, chini ya kilima cha Kololo mjini Kampala. Ombi la wateja wengi ni moja: "Nitilie betri kubwa zaidi, iwake sana." Wengine huomba hivyo hivyo kwa kalamu ya leza, ile itoayo nukta nyekundu au ya kijani ya kuonyeshea ubaoni wakati wa mafunzo. Ombi hili laweza kugharimu taa, na kwa leza laweza kugharimu macho. Yafaa tujue sababu.

Kazi ya saketi

Balbu ya zamani yenye waya hujizuia yenyewe: waya ukipata moto, huuzuia umeme usizidi. Taa ya LED na diodi ya leza hazina kinga hiyo. Volti zikizidi kidogo tu, umeme unaopita huongezeka mara nyingi, joto hupanda, na diodi huungua. Ndiyo maana huwekwa saketi katikati, ipime umeme kama koki ipimavyo maji. Saketi hiyo imetengenezwa kwa volti maalumu. Ukibadili betri bila kuitazama, umeivunja hesabu yake.

Umbo si volti

Betri kavu ya kawaida ina volti 1.5, mbili zikifuatana ni volti 3. Lakini ipo betri ya lithiamu yenye umbo lile lile la betri ya tochi, iliyoandikwa 14500. Hiyo ina volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Mbili zikifuatana ni volti 8.4. Huingia katika nyumba ya tochi bila taabu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Usitazame umbo, soma maandishi.

Taa nyeupe ya LED huhitaji kama volti 3.2. Tochi ya betri kavu mbili haizifikii, kwa hiyo nyingi zina saketi ya kupandisha volti. Saketi ya namna hiyo haiwezi kushusha. Ukiipa volti 4.2, umeme hupita moja kwa moja hadi kwenye taa bila kuzuiwa.

Hesabu ya fundi

Tuseme LED ya volti 3.2 inahitaji ampea 0.35, nawe una betri moja ya lithiamu iliyojaa. Toa 3.2 katika 4.2, inabaki volti 1. Gawanya kwa 0.35, unapata rezista ya karibu omu 3. Hii italinda taa. Lakini betri ikishuka hadi volti 3.7, inabaki nusu volti tu, na umeme hushuka hadi karibu ampea 0.17, yaani nusu. Mwanga hufifia. Atakaye mwanga usiobadilika aweke saketi inayoshikilia umeme kiasi kimoja, iliyoandikwa volti za betri yake.

Hatari ya leza

Kalamu nyingi za bei rahisi hutumia betri tatu ndogo bapa kama za saa, jumla volti 4.5. Betri hizo ni dhaifu, na udhaifu wao wenyewe husaidia kuzuia umeme. Ukiweka betri yenye nguvu mahali pake, kizuizi hicho kimeondoka.

Diodi isipoungua, hatari ni kubwa zaidi. Uingereza kalamu ziuzwazo kwa watu wote hazipaswi kuzidi miliwati 1. Marekani kiwango ni miliwati 5. Kwa miliwati 1, kupepesa jicho huwa kinga. Nguvu ikizidi sana, jicho huumia kabla halijafumba, na jeraha la ndani ya jicho huenda lisipone kamwe.

Kalamu ya kijani ina hila nyingine. Ndani yake mwanga huanza kama miali isiyoonekana, kisha hugeuzwa kuwa kijani. Mwaka 2010 taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani ilieleza juu ya kalamu ya bei rahisi iliyokuwa ikivujisha miali hiyo kwa wingi. Jicho halipepesi kwa kitu lisichokiona.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kubadili betri, soma volti zake na za saketi.
2. Usichanganye betri mpya na kuukuu, wala kavu na lithiamu.
3. Betri ya lithiamu ichajiwe kwa chaja yake, mbali na godoro na pazia. Iliyovimba usiitumie. Katika vyumba vilivyobanana, moto wa mmoja ni moto wa wote.
4. Kalamu ya leza usiiongeze nguvu. Ikififia, weka betri za aina ile ile. Usiwape watoto wachezee.

Mwisho, tochi ya kazi ya usiku ni chombo cha kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda, ya mwaka 2006, inamwajibisha mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Taa ikiwa haitoshi, jibu si kuunganisha betri kwa kubahatisha. Mpelekee mwakilishi wako wa chama jambo hilo, lizungumzwe na mwajiri. Taa hununuliwa tena, lakini jicho halina duka.