BABU WA BABU YAKO ALIANDIKWA WAPI?

Ndugu msomaji, mtoto wako akija leo jioni akakuuliza, "Baba, babu wa babu yangu aliitwa nani, naye alizikwa wapi?" utamjibu nini? Wengi wetu tutataja jina la babu, na wachache wataongeza jina la baba wa babu. Baada ya hapo twanyamaza, au twasema tu, "Alikuwa mtu wa zamani." Jibu hilo halimtoshi mtoto, na kwa kweli halitutoshi hata sisi wenyewe.

Hapa Songea uko ukoo mmoja usiokubali kunyamaza. Ni ukoo wa Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji wetu. Nduna huyu alikuwa mmoja wa wakuu wa Mputa Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu. Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905 alipigana na Wajerumani, akashikwa, akanyongwa mwaka 1906. Mashujaa walionyongwa hapa hukumbukwa kila mwaka tarehe 27 Februari. Wengi wao walizikwa katika kaburi moja la pamoja. Songea Mbano alizikwa peke yake. Wazee wa ukoo wake wasema hakuzikwa mzima, kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea kwenye Makumbusho ya Majimaji. Aliomba msamaha kwa mambo waliyotenda Wajerumani, akawaahidi wajukuu wa Nduna kwamba nchi yake itasaidia kutafuta fuvu hilo. Lakini hakuahidi kwamba litapatikana, maana kazi ni ngumu. Basi ikiwa mkuu mwenye jina kubwa namna hiyo ni vigumu kumfuatia, itakuwaje kwa babu yako na babu yangu, ambao hawakuwa wakuu wa mtu yeyote? Tuangalie pamoja njia zilizopo, tuone ipi yafika na ipi yaishia porini.

HESABU YA WATU

Watu wengi hudhani kwamba serikali ilipohesabu watu iliandika majina, na kwamba majina hayo yamehifadhiwa mahali fulani. Katika nchi nyingine ni hivyo kweli. Mwingereza akitaka kumjua babu yake, hufungua vitabu vya sensa tangu mwaka 1841, akamwona kwa jina lake, na mkewe, na watoto wake, na kazi yake, na nyumba aliyokaa.

Kwetu haikuwa hivyo. Wajerumani walijenga boma hapa Songea mwaka 1897, na mwaka 1898 kodi ya nyumba ikaanza kutozwa katika koloni lao. Walichotaka kujua ni idadi ya nyumba na idadi ya rupia. Waingereza nao walihesabu watu mwaka 1921, 1928 na 1931, lakini walitegemea sana makadirio na vitabu vya kodi. Hesabu ya mwaka 1948 ilikuwa ya uangalifu zaidi, ikafuatwa na ya 1957. Baada ya Uhuru tulihesabiwa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Katika vitabu vinavyotolewa baada ya hesabu hizo utakuta Wangoni ni wangapi au wilaya ina watu wangapi. Jina la babu yako hutalikuta, na maelezo ya mtu mmoja mmoja ni siri kwa sheria.

Basi usipoteze nauli yako kwa kuitafuta sensa. Kitu kinachofaa zaidi ni karatasi zilizobaki nyumbani: risiti ya kodi, kipande cha kazi, cheti cha hospitali. Vijana wengi wa Songea walikwenda Tanga kukata mkonge, na tangu mwaka 1944 wengi waliandikishwa na shirika lililoitwa SILABU. Karatasi kama hiyo yaweza kutaja kijiji na jumbe wa babu, na hapo una mahali pa kuanzia.

VITABU VYA ASKARI

Njia ya pili ni jeshi. Hapa hapana budi kutofautisha watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni wale waliopigana na Wajerumani katika Majimaji. Maofisa waliandika ripoti za vita, na Gavana von Götzen alitoa kitabu kizima juu ya vita hivyo mwaka 1909. Lakini ndani yake wanaotajwa kwa majina ni wakuu. Waliobaki huitwa "waasi" tu, na waliokufa huandikwa kwa makadirio. Serikali ya Kijerumani ilisema waliokufa nchini kwa vita na njaa ni 75,000; wataalamu wa baadaye wamesema yapata 250,000 hadi 300,000. Tofauti ya hesabu hizo ni watu, nao hawana jina katika kitabu chochote cha jeshi.

Wa pili ni askari wenyewe. Wengine wetu babu zetu walivaa kofia ya Mjerumani, na baadaye ya KAR ya Mwingereza. Tusione haya kusema hivyo. Lakini kumbukumbu nyingi za jeshi la Ujerumani ziliteketea Aprili 1945, ghala la nyaraka mjini Potsdam lilipopigwa mabomu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipotaka kuwalipa askari wake wazee huko Mwanza, wengi hawakuwa na cheti. Mzee alipewa ufagio kama bunduki, akaamrishwa kwa Kijerumani. Aliyeweza kufuata amri alilipwa. Karatasi zilipotea, mikono ikakumbuka!

Wa tatu ni wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Hao walibeba mizigo wakafa kwa njaa na maradhi, na wengi hawakuandikwa kwenye mawe ya makaburi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kosa hilo hadharani, ikaomba radhi. Ikiwa kwenu yasemwa kwamba babu "alichukuliwa kubeba mizigo asirudi", iandikeni habari hiyo. Pengine ndiyo kumbukumbu pekee iliyopo duniani juu yake.

KITABU CHA PAROKIA

Sasa, msomaji, tufike kwenye njia iliyo karibu nasi, nasi twaipita kila Jumapili tukienda Misa.

Wamisionari Wabenediktini walianza Peramiho mwaka 1898. Mwanzilishi wake, Padre Cassian Spiss, baadaye akawa Askofu, aliuawa pamoja na wenzake wanne Agosti 1905, mwanzoni mwa vita. Misioni ya Peramiho nayo ilichomwa moto mwaka huo. Hata hivyo kazi ilianza tena, na hata katika siku zile za kunyongwa alikuwako padre aliyewaendea wafungwa, na baadhi yao wakabatizwa kabla ya kufa.

Kanisa lina desturi ya zamani ya kuandika. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, paroko huagizwa kuandika ndoa kwa majina, na ubatizo vilevile. Baadaye kikaongezwa kitabu ambacho kwa Kilatini huitwa Status Animarum, yaani hali ya roho. Humo paroko huandika nyumba kwa nyumba: baba, mama, watoto, nani amepata Kipaimara, nani bado. Hiyo ndiyo sensa yetu, tena sensa yenye majina.

Tazama jinsi kitabu cha ubatizo kinavyoweza kukurudisha nyuma. Tuseme baba yako alibatizwa mwaka 1948. Katika mstari wake yameandikwa majina ya wazazi wake. Ukitafuta ndoa ya hao wazazi, tuseme mwaka 1935, utaona kila mmoja alibatizwa wapi. Sasa tafuta ubatizo wa babu: tuseme mwaka 1912, kijana wa miaka kumi na miwili hivi. Hapo limeandikwa jina la baba yake, ingawa baba huyo hakubatizwa kamwe. Ndiye unayemtafuta! Piga hesabu: mtoto alizaliwa yapata 1900, basi baba yake alizaliwa labda kati ya 1865 na 1880. Vita vya Majimaji vilipokuja alikuwa mtu mzima mwenye nguvu. Sasa una swali la kuwauliza wazee: "Huyu alikuwa wapi mwaka ule?"

Tena angalia pembeni mwa ukurasa. Padre alipoarifiwa juu ya Kipaimara au ndoa ya yule mtu, hata ikiwa imefungwa parokia ya mbali, aliandika hapo pembeni. Wengi waliodhaniwa kupotea Tanga wameandikwa pembeni mwa kitabu cha nyumbani.

Kitabu hiki chawakumbuka pia akina mama. Sisi wanaume tukihesabu ukoo twataja baba, babu na baba wa babu, kana kwamba walizaliwa bila mama. Kitabu cha ubatizo huandika mama kwa jina lake.

Kwa faida yako, haya hapa maneno machache ya Kilatini utakayoyakuta: pater ni baba, mater ni mama, patrinus ni msimamizi wa kiume, matrina wa kike, natus ni aliyezaliwa. Tena ujihadhari na tahajia za Wajerumani. Songea waliiandika "Ssongea", na Majimaji "Madschi-Madschi". Jina lenye "j" litafute penye "dsch", na lenye "sh" penye "sch". Usiseme halimo kabla hujalisoma kwa sauti.

KARATASI NA MDOMO

Lakini kitabu peke yake hakitoshi. Huko Berlin yalikuwako mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, na 202 kati yake yalionekana kuwa ya watu wa nchi yetu. Septemba 2023 watunzaji wake walitangaza kwamba mafuvu matatu yamepatiwa ndugu walio hai, Wachaga wa Kilimanjaro. Wamepatikanaje? Juu ya fuvu moja palikuwa pameandikwa neno moja tu: "Akida". Neno hilo liliwaelekeza wataalamu kwa mshauri wa Mangi Meli, yule aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Kisha vipimo vya uzao vikathibitisha. Lakini vipimo hivyo vingefanywa kwa nani, kama isingalikuwapo familia iliyoshika habari za mzee wake kwa muda wa miaka zaidi ya mia?

Hata historia ya Majimaji hapa kwetu iliokolewa hivyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakawauliza wazee waliokuwa hai, wakaandika. Wazee wale wamekwisha kufa wote. Maneno yao yamebaki.

Twajua pia kwamba wazee hawakuwa na kalenda, lakini walikuwa na matukio. Wangoni walisimulia kwamba jua lilipatwa walipokuwa wakivuka mto Zambezi, nao wataalamu wa nyota wakahesabu wakapata Novemba 1835. Basi usimwulize bibi, "Mwaka gani?" Mwulize, "Mama yako alikuwa ameolewa Waingereza walipouchukua mji wa Songea?" Akijibu, umepata mwaka 1916.

MAONYO MAWILI

La kwanza: usijipandishe ukoo. Kuitwa Mbano au Gama hakukufanyi mara moja kuwa mjukuu wa Nduna au wa Nkosi. Wangoni walipokuja waliwaingiza watu wengi wa makabila mengine, na wengi walipokea majina na desturi za waliowashinda. Ukikuta babu yako alikuwa mateka, au askari wa upande wa pili, mwandike hivyo hivyo. Amri ya kumheshimu baba na mama haituagizi kuwadanganyia watoto.

La pili: vitabu vya parokia si mali yetu ya kubeba nyumbani. Nenda kwa paroko kwa adabu, siku isiyo na kazi nyingi, ukiwa na majina na miaka uliyokwisha kuandika. Huwezi kumwambia padre, "Nitafutie babu," bila kumwambia babu gani.

Basi, wazazi, anzeni juma hili. Nunueni daftari moja la shule. Ukurasa wa kwanza andikeni majina ya watoto wenu, wa pili yenu, wa tatu ya wazazi wenu, pamoja na mahali walipozikwa. Kisha mchukue mtoto anayejua kuandika, mwende kwa mzee kuliko wote katika ukoo. Mpelekee kitoweo, keti, umwache aseme.

Ukoo wa Songea Mbano watafuta kichwa cha mzee wao ng'ambo ya bahari, nasi twawaombea wakipate. Pengine babu yako wewe hakupelekwa mbali hivyo. Pengine amelala kwenye mstari mmoja wa wino uliofifia katika kabati la parokia, na katika kumbukumbu ya bibi mmoja ambaye macho yake hayaoni vizuri tena. Kabati laweza kungoja. Bibi hatangoja.