Mdomo Kufa Ganzi Baada ya Kung'olewa Gego la Mwisho

Leo nazungumza na wewe mama, na wewe unayelea watoto wa ndugu yako au wajukuu.

Mama mmoja mchuma majani chai kutoka upande wa Nyamira alinijia kliniki akiwa amefunika mdomo kwa leso. Alikuwa ameng'olewa gego la mwisho la chini wiki tatu zilizopita. Kidonda kilikuwa kimepona, lakini nusu ya mdomo wa chini na kidevu vilikuwa na ganzi. Uji ulikuwa ukimdondoka bila yeye kujua. Majirani walikuwa wamemwambia ni kiharusi, na wengine wakasema amerogwa. Alikuwa amekwisha tumia pesa za karo kununua dawa za miti shamba.

Nilimwambia atabasamu, apulize hewa, ainue mikono yote miwili. Alifanya yote vizuri. Basi nikamwambia: "Mama, hiki si kiharusi. Ni neva iliyoumia."

Je, neva huumiaje? Magego ya mwisho huota mtu akiwa na miaka kati ya 17 na 25 hivi. Mara nyingi hukosa nafasi, yakalala ndani ya mfupa. Chini ya gego hilo, ndani ya taya, hupita neva inayopeleka hisia za mdomo wa chini na kidevu. Nyingine hupita karibu na ufizi upande wa ndani, nayo hupeleka hisia za ulimi. Daktari anapong'oa gego lililokaa vibaya, neva hizi zinaweza kubanwa, kuvutwa au kukatwa. Ndiyo maana ni vizuri kupigwa picha ya eksirei kabla ya kung'olewa, na kumwuliza daktari: "Je, mizizi iko karibu na neva?"

Ganzi ya sindano ni ya kawaida. Huisha baada ya saa chache. Ukiamka kesho yake na ganzi bado ipo, rudi kwa aliyekung'oa umweleze. Usikae nyumbani ukingoja mwezi uishe.

Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon alieleza ngazi tatu za neva kuumia. Zifikirie kama mche wa majani chai. Ngazi ya kwanza, mche umekanyagwa tu: neva imebanwa lakini haikukatika, na hisia hurudi kwa siku au wiki chache. Ya pili, mche umepogolewa: nyuzi za ndani zimekatika lakini ganda la nje limebaki, na nyuzi huchipuka tena polepole. Ya tatu, mche umeng'olewa: neva imekatika kabisa, na kwa kawaida haiponi vizuri bila upasuaji.

Neva inayochipuka hukua kama milimita moja kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Ndiyo sababu kupona huchukua miezi. Wengi hupata nafuu katika miezi 6 ya kwanza, na wengine huendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka. Wachache hubaki na ganzi maishani. Ukianza kuhisi kuwashwa, au kama sisimizi wanatembea mdomoni, usiogope. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba hisia zinarudi.

Wakati unangoja, fanya haya:

1. Acha chai, uji na ugali vipoe. Pima joto kwa upande wenye hisia, kwa sababu upande wenye ganzi utaungua bila wewe kujua.
2. Tafuna polepole kwa upande mzima, usije ukajiuma ulimi au mdomo.
3. Piga mswaki taratibu, na jitazame kwenye kioo kila siku kuona kama kuna kidonda.
4. Kila wiki jiguse kwa pamba safi, uandike mahali penye hisia na pasipo na hisia. Mpelekee daktari karatasi hiyo.
5. Usiweke tumbaku, karafuu wala majani ndani ya shimo la jino. Hakuna mafuta ya kuchua yanayounganisha neva.

Kama unanyonyesha, mwambie daktari mapema. Sindano ya kawaida ya ganzi haikuzuii kunyonyesha. Na mtoto akichomwa sindano ya ganzi, usimpe chakula mpaka ganzi iishe, na mwangalie asitafune mdomo wake.

Ikiwa miezi 3 imepita na hakuna hisia hata kidogo, au una maumivu makali ya kuchoma, omba kupelekwa kwa bingwa wa upasuaji wa mdomo na taya. Anzia kwa daktari wa meno katika Hospitali ya Rufaa ya Kisii au ya Nyamira. Neva iliyokatika hurekebishwa vizuri zaidi ikishughulikiwa mapema.

Lakini nenda hospitali saa hiyo hiyo ukiona uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri. Hicho kinaweza kuwa kiharusi. Vilevile nenda haraka ukivimba shingo, ukipata homa, au ukishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua.

Na yule mama? Mwezi wa pili alianza kuhisi sisimizi. Mwezi wa tano alikunywa chai bila kudondosha hata tone. Kidevuni kumebaki doa dogo lenye ganzi, kama upana wa kidole, naye amelizoea. Aliniambia kilichomwumiza zaidi ni zile wiki tatu za hofu.

Kwa hivyo mama, jirani yako akikueleza mdomo wake una ganzi, usimtishe. Msindikize kliniki. Mpaka kipindi kijacho, kwaheri.