Nkejje, Rangi na Kamera ya Kwanza ya Mpiga Mbizi

Je, wajua kwamba katika Ziwa Victoria yupo samaki aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere? Wanasayansi humwita Pundamilia nyererei. Ni mmoja wa jamii ya samaki wadogo ambao Mwanza huitwa furu na hapa Kampala huitwa nkejje, ndugu wa wale tunaowajua zaidi wakiwa wamekaushwa sokoni. Dume lake ni jekundu mgongoni na lina michirizi myeusi ubavuni. Dume la nduguye, Pundamilia pundamilia, ni la buluu. Majike wao wamefifia na wanafanana mno, lakini kila jike humjua mume wake kwa rangi. Watafiti wakiongozwa na Ole Seehausen waliwaweka majike hao maabara chini ya mwanga wa rangi moja tu, na uteuzi ukavurugika: jike hakujali tena yupi mwekundu na yupi wa buluu. Mwaka 1997 waliandika katika jarida la Science kwamba jambo hilohilo linatokea ziwani: palipochafuka maji, rangi za samaki zimefifia na idadi ya aina zao imepungua. Jicho la samaki aliyezaliwa majini hushindwa kuona rangi ambayo haimo katika mwanga uliopo, na lenzi, hata iwe ya bei gani, haina ujanja zaidi ya huo. Kwa hiyo anayetaka kununua kamera yake ya kwanza ya kupigia mbizi aanze kwa kuuliza habari za mwanga. Megapikseli zitasubiri.

Maji hunyonya rangi kwa ubaguzi. Hata yakiwa safi kabisa, mwanga mwekundu wa kawaida hupoteza zaidi ya robo ya nguvu yake katika kila mita inayopita, hivyo kwenye kina cha mita 10 hubaki chini ya asilimia 5 ya wekundu ulioingia. Hesabu haiishii kwenye kina, kwa kuwa mwanga ukishamfikia samaki una safari nyingine ya kuifikia kamera. Samaki aliye mita 2 mbele yako, kwenye kina cha mita 10, amepigwa picha kupitia mita 12 za maji. Sasa chukua tochi, msogelee mpaka sentimita 30: mwanga wako unakwenda na kurudi sentimita 60 tu, na karibu wekundu wote unarudi nao. Hakuna kamera ghali inayoweza kuleta tofauti hiyo, ilhali tochi ya bei ya wastani na subira ya kumkaribia samaki bila kumtisha vinaitosha kazi hiyo.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ni matatizo ya ziwa letu la kijani, na kwamba mtu wa Kampala hanunui kamera ili azame Ggaba, palipo na kichocho na maji yaliyopita mfereji wa Nakivubo. Anainunua kwa safari ya Mnemba, Mafia, Watamu au Kisite. Kweli, bahari ya huko inaonyesha mbali. Lakini kuona mbali na kuona rangi ni mambo mawili. Hesabu niliyoitoa hapo juu ni ya maji safi, na picha za buluu tupu zinazorudi na watalii kutoka Zanzibar ni ushahidi wake. Wengine wataitegemea programu ya kompyuta irudishe rangi. Programu hukuza kilichonaswa. Palipokuwa na wekundu kidogo itauongeza pamoja na chembechembe zake, na pasipokuwa na kitu itabuni. Kuhusu vichujio vyekundu vinavyobandikwa mbele ya lenzi, hapo ziwa lina la kutufundisha. Kichujio hakiongezi rangi yoyote, hupunguza tu zile zilizozidi. Baharini hupunguza buluu. Katika Ziwa Victoria, mwani na mabaki yaliyoyeyuka humeza buluu mapema, na mwanga wa chini huelekea njano na wekundu. Ndiyo maana nyererei mwekundu huishi chini kidogo ya nduguye wa buluu. Kichujio cha bahari kikiletwa hapa hakina kazi, na hata kule kwao hufaa kwenye kina kifupi chenye jua kali tu.

Tatizo la pili ni vumbi la majini. Aliyewahi kupita njia ya Kabale alfajiri anajua kwamba ukiwasha taa kali ndani ya ukungu, ukungu wenyewe ndio unaowaka na barabara inapotea. Flashi iliyo ndani ya kamera hufanya vivyo hivyo: iko jirani na lenzi, kwa hiyo humulika kila chembe iliyo mbele yake na kuigeuza nukta nyeupe. Dawa ni kuitoa taa pembeni kwa mkono wa chuma au plastiki, imulike samaki kwa ubavu, na kupunguza maji yaliyopo katikati. Kwa sababu hiyohiyo zumu haina faida kule, maana huleta samaki karibu na kuacha maji yote palepale. Kinachotakiwa ni lenzi inayoona upana ukiwa karibu, au inayofokasi kitu kilicho puani pake. Na kioo bapa cha kasha linaloikinga kamera na maji huukata upana huo, kwa kuwa maji hupinda mwanga na kufanya vitu vionekane vikubwa kwa theluthi moja hivi.

Ukipima soko kwa kipimo hiki, kamera ndogo za aina ya GoPro zinafaa kwa video ya upana, mradi usiziache bila taa. OM System Tough TG-7 ya mwaka 2023 hufokasi kitu kilicho sentimita 1 mbele yake, na kwa konokono na kamba wadogo wa matumbawe sijaona mshindani wake kwa bei hiyo. Ila inastahimili mita 15 bila kasha, na mpiga mbizi mwenye cheti cha kwanza anaruhusiwa mita 18. Mita hizo tatu ndizo zinazoua kamera, basi kasha lihesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo. Hoja ya kununua mtambo mkubwa mara moja ili kuepuka gharama mbili inavutia, na kwa mpiga mbizi mzoefu naikubali. Mgeni bado anajifunza kuelea bila kupanda wala kushuka. Mpe kasha la kilo kadhaa lenye mikono miwili ya taa, na matumbawe yatavunjwa kwa mapezi yake.

Wala habari hii ya taa si mpya. Louis Boutan alipoanza kupiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1893, kwa mwanga wa jua alilazimika kusubiri hadi nusu saa kwa picha moja. Alichokifanya baadaye ni kutengenezewa taa ya unga wa magnesi, iliyokaa juu ya pipa lenye oksijeni, kubwa kuliko kamera yenyewe.

Kwa mnunuzi wa Kampala kuna jambo moja zaidi, nalo ni mwinuko. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ukilifunga kasha hapa na kulifungua Zanzibar, hewa ya nje inaukandamiza mlango wa sentimita 10 kwa 15 kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 20. Wengi hudhani umekwama na kulivunja komeo. Likifungwa pwani na kupandishwa ndege, hewa ya ndani husukuma nje na huweza kuisogeza pete ya mpira inayozuia maji. Safiri nalo likiwa wazi, na pete uiweke kando ndani ya mfuko safi mpaka siku ya kuzama.