Boriti na Godoro

Boriti wanayoshindania wanawake katika jimnastiki ya kimataifa ina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10 tu, nayo huinuliwa sentimita 125. Juu yake msichana huruka na kupinduka kwa muda usiozidi sekunde 90. Akianguka, hupoteza alama nzima.

Mwaka 1976, huko Montreal, Nadia Comaneci wa Romania alitwaa dhahabu ya boriti akiwa na miaka 14. Tanzania haikuwapo. Iliisusia Olimpiki hiyo kwa sababu New Zealand ilikubaliwa kushiriki, ilhali timu yake ya raga ilizuru Afrika Kusini ya makaburu. Kukosekana kule kulikuwa heshima. Kukosekana kwa ajili ya ubao na godoro si heshima hata kidogo.

Ndugu zetu wa Visiwani wanaijua halaiki ya sherehe za Mapinduzi. Huku Tunduma, na Songwe kwa jumla, wasichana hawakupungukiwa wepesi, wala maseremala hawakupungukiwa ujuzi. Boriti ya kujifunzia hulazwa chini kwanza, kisha huinuliwa kadiri woga unavyopungua. Tunawasihi maofisa wa elimu na michezo, bara na visiwani, waanzie hapo. Asiyetandikiwa pa kuangukia asilaumiwe kwa kuogopa kupanda.