Sheria Ndogo ya Pombe

Huku Singida mtama ni ugali. Mtama pia ni pombe. Pombe ikinywewa tangu asubuhi, shamba halilimwi. Jioni walevi hugombana njiani. Lakini mama anayepika pombe huwanunulia watoto madaftari. Tufanyeje?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imekipa kijiji uwezo. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza sheria ndogo: saa za kuuza pombe, mahali pa kunywea, na faini ya mkosaji. Mkutano wa Kijiji huijadili. Kisha Halmashauri ya Wilaya huiidhinisha. Bila idhini hiyo sheria ndogo haina nguvu.

Ndugu, siku ya mkutano tuhudhurie wote. Mpika pombe naye aseme. Sheria usiyoijadili itakubana vilevile.